Chaza Anakwenda Ng'ambo

Benchi liko mbele ya duka la mikate la Zuppardo, Long Island, na ghuba iko mbele ya benchi. Upande huu wanakaa waliopata pesa juzi na wasiozipata kabisa. Ng'ambo, mashariki, wanakaa waliozaliwa nazo. Asubuhi hiyo Rocco Mangano, mchimba chaza ambaye wenzake humwita Chaza, alikuwa ameketi hapo na marafiki wawili, kikombe cha kahawa mkononi. Jioni angevuka kwenda kula na wakwe watarajiwa wa bintiye Loretta, na baba mkwe anaiabudu riwaya moja ya zamani iliyoandikwa juu ya ghuba hii hii. Rocco alikuwa ameisoma mara mbili ili asiaibike, na ikamkolea.

— Yule jamaa wa kwenye kitabu namvulia kofia. Kanunua jumba zima ili tu aonekane kutoka ng'ambo!

— Ndipo alipokosea, — alidakia Profesa, dereva mstaafu wa basi la shule. — Lile si jumba, Chaza. Ni mtu anapiga kelele atazamwe. Wa ng'ambo hawapigi kelele. Nyumba zao rangi inabanduka na hawana habari. Kule kubanduka ndiyo pesa yenyewe!

— Mungu wangu! Na mimi naling'arisha gari tangu alfajiri.

— Umekwisha. Lipake tope, — alisema Ngazi, fundi wa mapaa.

— Acha utani wewe.

— Utani? Niliezeka kule. Nikakuta mzee kavaa sweta limetoboka kiwiko, nikamtuma misumari. Kumbe ndiye mwenye nyumba. Na aliileta, tena mbio!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Watu wale wameiva, — alisema Profesa kwa heshima kabisa. — Na yale maji ya kitabuni si maji, ni ukuta. Unaona ng'ambo, hufiki.

— Mimi nafika na mashua yangu muda si mrefu.

— Unafika ufukweni, bwana. Mezani hufiki.

Hilo lilimchoma Rocco, lakini Ngazi alikuwa ameshapamba moto.

— Basi usibebe keki. Keki ni ya wageni. Pita mlango wa nyuma, fungua friji, jihudumie, halafu piga miayo.

— Na usimsalimu mtu! — aliongeza Profesa.

— Nyie mnataka nipigiwe polisi?

Bi Assunta, shangazi yake Zuppardo aliyehamia kutoka Brooklyn wiki ile, alikuwa ametoka na mikate kwapani, akasimama kuwasikiliza.

— Huyo binti akishaolewa, Jumapili watakula kwa nani?

Kwa Waitaliano wa upande huu kama Rocco, mtoto anaweza kuolewa popote, lakini chakula cha mchana cha Jumapili ndicho kinachosema yeye ni wa nani. Tangu mama yake afariki, Loretta ndiye aliyekuwa akikoroga ule mchuzi wa nyanya kila Jumapili, baba akikata mkate. Rocco alikuwa amewaza gari, viatu, keki na kitabu kizima. Hili halikumjia hata mara moja.

— Sijamuuliza, — alisema.