Urbain Lotika, Aliyeombwa Abaki Kidogo

Ndugu na marafiki, mimi ni Augustine, mdogo wake. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya kaka yetu, ingawa inajua sina mdomo laini.

Urbain Lotika alizaliwa Yanonge tarehe 2 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa Papa Gédéon, mvuvi, na Mama Marthe. Uvuvi ulimshinda mapema. Akiona samaki anahangaika ndani ya pirogi, mtumbwi wa Papa, alimrudisha mtoni.

Alisoma shule ya msingi Yanonge, sekondari hapa Kisangani, na mwaka 1983 akapata shahada ya sheria. Papa aliuliza, "Bon, sheria tutaikula na nini?" Urbain alicheka, kisha akafundisha shule miaka mingi ili wadogo zake tule.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Mama Ursule, mkunga wa Mangobo, hapahapa mjini. Mwaka 2007 Bunge la Taifa lilimwajiri Kinshasa. Alimwomba mkewe abaki hapa, asiache kazi yake ya ukunga. "Mwaka mumoja tu, Ursule, alafu narudi," alisema.

Kule Bungeni, kazi yake ilikuwa mikataba ya jumuiya ambazo nchi yetu imeingia: ya kusini, ya kati, na nyinginezo. Mkataba ulifika umekwisha kutiwa saini. Wabunge waliweza kuukubali au kuukataa, lakini si kugusa hata nukta. Urbain ndiye aliyewaandikia sheria zipi za kwetu zibadilike. Wao walimfokea yeye: "Nani alikubali mambo haya?" Asubuhi jumuiya moja ilitaka hivi, mchana nyingine ilitaka vile, na nchi ilikuwa imeahidi zote mbili. Aliniambia kwa simu, "Augustine, mie iko katikati ya watu wenye walisha kupatana bila mie."

Mwaka 2022 alitimiza umri wa kustaafu. Mama Ursule alipaka nyumba rangi, akimngojea. Lakini mwaka huohuo nchi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wageni kutoka Arusha wakafika Bungeni. Kaka, kwa adabu ya kwetu, aliwakaribisha ukumbini: "Karibuni, mumefika muzuri?" Mkuu wake akageuka. "Kumbe Urbain, unasema Kiswahili?" Naye akajibu kwa majivuno, "Chef, mie mutoto wa Kisangani!" Mdomo uliponza kichwa. Kustaafu kwake kukaahirishwa, aanzishe kazi ya jumuiya hiyo mpya na kuwafundisha vijana. Akawafundisha vizuri mno. Kila aliyeiva aliitwa Arusha, kwenye kazi bora zaidi, na kila aliyeondoka alimwacha Urbain amefungwa zaidi. Nasema wazi mbele ya jeneza lake: jambo hili linanikasirisha hadi leo. Hakuna aliyemtendea ubaya. Kila mtu alimwomba tu abaki kidogo.

Mwaka 2024 shinikizo la damu lilimwangusha ofisini, kisha figo zikachoka. Binti yake Déborah alimuuguza. Akiwa kitandani alimpigia mkewe: "Wameniomba nimalize huu mkataba mumoja, alafu narudi." Mama Ursule alimjibu, "Mumoja gani, Urbain? Wewe iko na mumoja kila mwaka." Alifariki Kinshasa tarehe 9 Septemba 2025, mkataba ukingali mezani. Ofisi ilituma shada la maua, na tunaishukuru.

Ameacha mjane, Mama Ursule, watoto watatu, Glodi, Déborah na Tania, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake, Bibiche na mimi.

Juzi, mwili uliposhushwa kwenye ndege, Mama Ursule aliweka mkono juu ya jeneza. "Bon, Urbain, umerudi," alisema. "Lakini mie nilikungoya urudi na miguu yako."

Mungu ampe kaka yetu pumziko la amani, na asitokee mtu wa kumwomba aliahirishe.