Mwalimu Sun-im na Supu ya Mwani

Marehemu Pyo Sun-im alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 kisiwani Wando, kifungua mimba wa wakulima wa mwani. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha mjini Gwangju, alikohitimu ualimu wa Kiingereza mwaka 1984. Mwaka 1987 aliolewa na Tak Gi-beom, fundi wa injini za mashua, aliyesifu hata wali wake ulioungua.

Alifundisha kisiwani mpaka alipostaafu. Kilichomnyima raha ni insha ya Kiingereza katika mtihani wa kuingia chuo. Watoto ambao hawajapanda ndege waliambiwa waeleze uwanja wa ndege; wakifeli, waliitwa wavivu. Alilalamika mpaka zikawekwa mada mbili, uwanja wa ndege au chakula cha nyumbani, mtu achague. Watoto wakaikimbilia ile ile ya ndege, wakidhani ndiyo ya wasomi, wakaanguka tena.

"Mnavaa viatu vya watu, halafu mnashangaa kujikwaa!" aliwafokea.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Novemba, Do-yeon, binti wa mdogo wake Geum-rye, alifanya mtihani huo ili aingie chuo cha uuguzi. Siku ya mtihani kwetu mwani hauliwi: unateleza, na mlaji huteleza nao, akafeli. Geum-rye alikuwa ameuondoa wote jikoni. Jioni mtoto akaja hospitalini alikolazwa marehemu.

"Mama mkubwa, nimechagua chakula cha nyumbani. Nimeandika supu ya mwani."

Geum-rye alishika ukingo wa kitanda. "Mwani! Leo! We mtoto unataka kuniua?"

"Mambo ya ndege sina maneno yake, Mama."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. "Tulia, Geum-rye. Kaandika, hajala."

Lakini hakuna aliyetulia. Geum-rye aliruka kila simu ilipolia. Marehemu, maumivu yakizidi, alikataa dawa ya usingizi asije akapitwa na majibu.

Yalikuja tarehe 8 Desemba, alasiri. Do-yeon amefaulu.

"Na insha?" marehemu aliuliza.

"Ndiyo iliyombeba, Dada."

"Basi nipikie mwani."

Geum-rye alipika supu ile ile aliyopewa mama yao, kama kila mzazi wa kwetu, alipomzaa Sun-im. Marehemu alikunywa vijiko viwili, akakubali dawa, akalala. Alfajiri ya tarehe 9 alifariki.

Ameacha mume, mwanawe Hyeon-u, mdogo wake Geum-rye, Do-yeon, nanyi wanafunzi wake wote mliofika.

Alale pema Mwalimu wetu. Supu ya mwani iko mezani; kunyweni, leo hakuna mtihani.