Wajumbe Watatu wa Kola

Kijiwe chetu cha Hamdallaye, hapa Bamako, hakijui kahawa. Kina birika la chai juu ya makaa, na chai yenyewe hunywewa mara tatu: chungu, ya wastani, kisha tamu. Ijumaa hiyo Modibo Coulibaly alikaa roho juu. Kesho yake alikuwa anarudia mtihani wa ualimu kwa mara ya tatu, matokeo jioni ileile, na babake Assitan, binti anayemposa, alishasema kola za posa, zile njugu chungu za kuombea mchumba, hapokei mpaka kijana afaulu. Kila mwaka alikwama palepale: lini mpangilio unahesabiwa, lini hauhesabiwi.

— Ninyi mko watano, akawaambia wenzake. Nikifaulu, Jumapili wajumbe watatu wanapeleka kola. Kuna njia ngapi za kuwachagua?

— Sitini! akajibu Keita, fundi redio aitwaye Profesa, mtani wake wa ukoo. Tano mara nne mara tatu. Hesabu gani hiyo, mla maharage wewe!

— Mla maharage babu yako! Mwaka jana niliandika sitini, wakanipa sifuri.

— Walikuonea, akasema Traoré, karani mstaafu wa posta, kijiweni huitwa Waziri. Mpangilio ndiyo kila kitu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa nini ya tatu? Mpangilio!

— Na kapu la kola abebe nani? akadakia Profesa. Hapo ni mia na themanini.

— Na viatu mlangoni, nani kavua kwanza? akaongeza Waziri. Elfu moja na themanini!

Modibo akajishika kichwa. Ndipo akafika Mama Sira, jeli, msemaji wa ukoo, atakayesema maneno ya posa. Akasikiliza, akaketi.

— Waingie Keita, Traoré na huyu mpika chai, Konaté. Watoke, warudi Konaté, Keita na Traoré. Babake Assitan kaona wajumbe wengine?

Profesa akahesabu vidoleni.

— Ni walewale! Modibo akaruka. Kila watatu nimewahesabu mara sita. Sitini gawa kwa sita, kumi!

— Na chai je? Waziri akabisha.

— Ukianza na tamu umemtukana mgeni, akajibu Modibo. Hapo mpangilio unahesabiwa.

Moyo ukamtua, tua kabisa.

— Basi nitajie watatu wangu, akasema Mama Sira. Jumapili si mbali.

— Konaté, Waziri, Profesa.

Konaté akamimina chai tamu. Profesa akanuna.

— Mbona mimi umenitaja wa mwisho?