Barua Mbili za Idara Moja

Mhazili wa idara moja ya chuo kikuu alikuwa ameegemea dirisha la treni ya jioni, usingizi ukimnyemelea, aliposikia barua aliyoichapa mwenyewe ikisomwa kwa sauti kiti cha mbele.

"Tunasikitika kwamba huna uzoefu wa nje," alisoma mwanamume mmoja. Akaikunja. "Uzamivu nimesomea hapa hapa, dada yangu, miaka saba. Kumbe wanamtaka aliyepanda ndege."

Dada aliyekaa naye, ingawa hawakujuana, alicheka bila furaha. "Mimi nilipanda, kaka. Miaka sita kwenye baridi. Nimeandikiwa kwamba sijui mazingira ya nyumbani."

"Kazi hiyohiyo?"

"Hiyohiyo. Kufundisha sayansi ya udongo."

"Sasa amepewa nani?"

"Nilidhani wewe utaniambia."

Mhazili alizikumbuka barua hizo. Barua zote mbili alizichapa siku moja, mkuu wa idara akazisaini bila hata kuinua uso. Barua ya aliyepewa kazi hakuletewa aichape. Na nyumbani bintiye alikuwa na fomu ya ufadhili wa masomo ya nje, akingoja mama aseme aende au abaki.

Dada akageuka. "Samahani mama, tunakupigia kelele. Wewe mwanao ungemshauri asomee wapi?"

Treni ikasimama.

"Mimi nashuka hapa, mwanangu," alisema mhazili, akachukua pochi yake na kushuka haraka.

Kwake kulikuwa bado vituo viwili mbele.