Nane Ipi?

Benchi lenyewe lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa bomba la maji, nalo limeegemezwa ukutani kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi saa. Upande wa bomba lazima akae mtu mzito, la sivyo benchi linabinuka na wote wanajikuta chini. Ndiyo maana upande huo ni wa Spika, mwenye mwili wa kutosha na maneno kuuzidi mwili. Buli, muuza kahawa, hutua birika lake hapo kila alasiri na haondoki mpaka likauke. Fundi Saa yeye hakai benchini. Anakaa kwenye kiti chake, mgongo kwao, masikio kwao. Jumamosi hiyo alikuwa na saa moja tu ya kutengeneza, na alikuwa ameifungua na kuifunga mara nne bila kujua inaumwa nini, kwa sababu Kinyozi alikuwa amekuja na kitabu cha katuni.

— Toleo la kwanza hili, wazee, alisema Kinyozi. Binti Akrabu! Kifuani ana saa. Akiivuta akrabu nyuma, dunia yote inarudi kinyumenyume. Mabasi yanarudi nyuma, mvua inapanda juu, kuku anarudi ndani ya yai.

— Akrabu ndiyo nini? aliuliza Buli.

— Mshale wa saa. Wameandika hapa chini, kwa faida ya watu kama wewe.

— Nani siku hizi anasema akrabu? alisema Spika. Hilo neno nililisikia mara ya mwisho nikiwa na nywele.

Koleo lilimponyoka Fundi Saa. Mtaa mzima, aliyekuwa bado anasema akrabu ni yeye peke yake. Na kuna mwingine aliyelipata neno hilo kwake, akiwa bado mdogo, amekaa juu ya kopo la rangi kando ya meza hii hii, anachora badala ya kuangalia kazi.

— Haya, simulia, alisema Spika. Usiruke ruke.

— Binti anarudi siku aliyoondoka nyumbani kwenda kusoma, miaka sita nyuma. Yuko kituo cha basi, asubuhi, na sanduku lake. Anamsubiri baba yake aje kumuaga. Baba haji. Basi linawashwa. Binti anasimamisha dunia! Kila kitu kimya. Anaruka juu ya mapaa kumtafuta baba, labda kagongwa, labda kaanguka. Sasa tazameni ukurasa wa mwisho.

Walibanana kutazama. Fundi Saa naye aligeuza shingo kidogo, kama mtu anayejinyoosha tu.

Mzee wa kwenye picha alikuwa na ndevu na kioo cha kukuzia kwenye jicho moja. Alikuwa kaketi kwenye meza yake, anatengeneza kijisaa kidogo, na alikuwa anatabasamu. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umewekewa kipande cha tofali.

Fundi Saa alishusha mguu wake taratibu akalifunika tofali la meza yake kwa kiatu.

— Anacheka! alisema Buli. Mwanawe analia kituoni, yeye anacheka!

— Fundi, alisema Spika, huyu si anafanana na wewe?

— Mimi nina ndevu?

— Huna. Basi si wewe.

Ndevu alizinyoa miaka sita nyuma, lakini hilo hakulisema.

— Mimi naona mzee alinyweshwa dawa, alisema Buli. Tazama jicho lake. Mtu mwenye akili zake hawezi kucheka peke yake asubuhi.

— Dawa wapi! alisema Spika. Huyo si baba. Baba wa kweli amefungiwa ndani ya hicho kijisaa. Huyo anayecheka ni pacha wake, ametoka mwaka mwingine kabisa.

— Nyote mmepotea njia, alisema Kinyozi. Mzee ndiye adui mwenyewe. Hicho kijisaa ni mashine ya kuiba siku za watu. Ya kwanza kuiba ni siku ya mwanawe. Halafu ya mtaa, halafu ya nchi.

— Ndiyo maana Jumatatu inafika upesi hivi, alisema Buli.

— Enhee! Umeona?

Wengine walicheka. Fundi Saa aliifungua saa yake mara ya tano.

— Na si maneno tu, aliendelea Kinyozi, akigeuza jalada la nyuma. Wameandika: "Msomaji, unadhani kwa nini baba hakuja? Tutumie jibu Jumamosi hii kabla ya saa kumi jioni. Jibu litakalotugusa ndilo tutakalolichora katika toleo la pili." Namba ya simu hii hapa. Naandika sasa hivi: "Baba ndiye adui. Toleo la pili apigwe."

— Apigwe sana, alisema Buli.

— Mwizi wa siku lazima apigwe, alisema Spika. Na mimi kama mwenyekiti wa benchi nimepitisha. Tuma.

— Msitume, alisema Fundi Saa.

Walimgeukia. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kuingilia.

— Kwa nini?

— Labda... labda mzee alikuwa na shughuli.

— Shughuli gani hiyo, alisema Kinyozi, inayoshinda mwanao kuondoka?

Fundi Saa aliigeukia tena saa iliyokuwa mezani. Jibu alikuwa nalo. Amelala nalo na kuamka nalo miaka sita, na hajawahi kumwambia mtu. Siku mbili baada ya binti yake kuondoka alimpigia simu, haikupokelewa. Wiki iliyofuata namba ikawa haipatikani. Shangazi wa binti huleta salamu za juu juu: yuko mzima, anachora, anaishi na wenzake. Fundi angeweza kumpa shangazi ujumbe mmoja tu, wa sentensi moja. Kila mara alisema, "Msalimie," basi. Na sasa kidole cha Kinyozi kilikuwa juu ya simu, saa ilikuwa imekaribia kumi, na mwanawe alikuwa mahali fulani anasubiri kuambiwa na watu wa benchini baba yake ni mtu wa namna gani.

Wakati huo huo akatokea mama mmoja, kakumbatia saa ya ukutani iliyofungwa kwa shuka. Hawakuwa wamewahi kumwona.

— Habari za hapa, jamani. Fundi, saa yangu inapiga kengele wakati wa kulala, wakati wa kuamka imekaa kimya.

— Keti hapo, mama. Nakuja.

Alikaa katikati ya benchi, akakichukua kitabu kilichokuwa kimelala pale, akaanza ukurasa wa kwanza, kama watu wanavyosoma vitabu. Kinyozi akaendelea kuandika. Spika alikuwa anamsahihisha: apigwe kwanza, au ahukumiwe kwanza?

— Samahani, alisema yule mama. Hiki kikaratasi binti alichomwachia baba yake mezani kimeandikwa, "Basi ni saa 8." Nane ipi?

— Kikaratasi gani? alisema Kinyozi.

— Hiki. Ukurasa wa kwanza.

— Mimi nilianzia anaporuka.

Walikitazama. Kilikuwepo, kidogo, chini ya kikombe.

— Nane ni nane, alisema Spika. Mchana, jua la utosi.

— Lakini hapa kituoni ni asubuhi. Saa ya ukutani mshale mfupi uko kwenye nane.

— Hiyo inasomwa saa mbili.

— Basi angeandika saa mbili.

— Tiketi haziandikwi hivyo, alisema Buli polepole. Tiketi zinaandikwa kizungu. Nane ya tiketi ni mbili yetu.

— Kwa hiyo aliandika ya tiketi, au yetu?

Spika alikuna kidevu. Kinyozi aligeuza ukurasa, akaurudisha. Buli alitazama ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo.

— Ya tiketi, alisema Fundi Saa. Mimi nikasoma yetu.

Spika alisimama kwa mshtuko, na benchi likabinuka. Kinyozi akaanguka, mama akaruka na saa yake, vikombe vikamwagika, na birika likalala ubavu na kutoa kahawa yote iliyobaki. Hakuna aliyeinama kuliokota.

— Wewe? alisema Kinyozi kutoka chini. Fundi saa? Ukakosea saa?

— Mimi.

Aliondoa mguu, wakaliona tofali. Kisha akavuta droo, akatoa kijisaa cha kike chenye mkanda mwekundu.

— Nilikuwa namalizia hiki nimpelekee kituoni. Nilijua nina asubuhi nzima. Ndiyo maana nilikuwa natabasamu; basi hupita hapa, lazima aliniona. Nilifika saa nane kamili, hata dakika sikuchelewa. Nikamkuta mfagiaji.

Hakuna aliyecheka. Kicheko hicho alikiogopa miaka sita, na sasa angependa wacheke.

— Ni saa kumi kasoro dakika nne, alisema mama. Yangu kwenye kutaja saa haijambo, ni kengele tu.

Kinyozi alifuta yote aliyoandika, akampa Fundi simu. Vidole vilivyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga vilikuwa vinakosa herufi. Aliandika, akafuta, akaandika tena: "Uliandika saa 8. Nilifika saa nane. Saa yako ninayo." Jina hakuweka. Akatuma kabla hajajuta, akamrudishia Kinyozi simu kama mtu anayetua kitu cha moto.

Walisubiri. Spika aliliinua benchi, akakaa upande wake wa bomba. Simu ikatoa mlio.

— Wamejibu, alisema Kinyozi. Wanasema... anasema, "Baba, mbona hukusema?"

Kinyozi aliinua macho.

— Nijibu nini, Fundi?

Fundi Saa alivua kioo cha jichoni, akakifuta kwenye shati, akakivaa tena bila sababu.

— Mwambie niliona aibu. Mwambie mimi ni fundi saa.

Kinyozi aliandika neno kwa neno, akatuma. Halafu wote watano wakakaa kuitazama simu, na hakuna aliyeuliza saa ngapi.