Kipimo cha Pili

Sikilizeni wanangu, Saidi na wewe Rehema, sogeeni nisilazimike kupaza sauti, na anayetaka kulia akalie uani, maana leo nina kazi ya kumaliza.

Mikorosho ya Madimba ni yenu wawili, sawasawa, na mama yenu mdogo asiondolewe nyumba hii. Hayo ni madogo. Kubwa ni la Danieli.

Mlikuwa wadogo nilipofanya kibarua kwenye kisima cha majaribio ya gesi. Danieli, fundi kutoka bara, ndiye aliyenifundisha kukoroga unga wa kunde za India kwenye maji mpaka yawe mlenda, tukatia mchanga, kisha dawa ya madini inayoushika ule mlenda ukakaza, ili uubebe mchanga hadi chini, mwamba upasuliwe kwa nguvu ya pampu na mchanga ubaki kwenye nyufa zisijifunge, gesi ipate njia. Akaniambia, "Ndugu Athumani, dawa hii imetengenezwa ichelewe. Ikaze huko chini, siyo hapa juu. Kipimo kimoja, basi."

Siku ile nilitia kimoja, nikaona mlenda bado unachuruzika, nikadhani dawa imeharibika. Nikatia cha pili.

Ulikaza ndani ya bomba. Pampu zikakwama, bomba likapasuka, kisima kikaachwa. Wakuu walipokuja, Danieli aliniuliza mbele yao, "Ulitia vipimo vingapi?"

Nikasema, "Kimoja."

Akawageukia. "Huyu hawezi kunidanganya. Basi hesabu zangu ndizo zilizokosea."

Wakamwita mhujumu, wakamkalisha ndani miaka miwili, na mimi nikanyamaza kwa sababu ninyi mlitaka kula. Sasa analima mpunga Kitaya, hakuna ofisi inayomtaka. Nilikwenda huko mara moja. Aliniona kwa mbali, akanipungia mkono kwa furaha, nikageuza baiskeli.

Saidi, usinitajie polisi wala aibu. Mmelelewa kwa uongo huo, sasa mtaubeba mpaka kwa mwenyewe. Balozi wetu wa nyumba kumi amesikia yote, yuko hapa, ni shahidi. Barua hizi mbili anazoandika Rehema, moja ipelekwe ofisi ya mkoa. Ya pili, Saidi, utaipeleka Kitaya kwa mkono wako, uisome watoto wake wakisikia. Akikufukuza, ondoka, kesho yake urudi. Wala usimwombe anisamehe, hilo ni lake mwenyewe. Mwambie tu kwamba hesabu zake zilikuwa sahihi.

Nipeni maji... Inatosha.

Mungu awape riziki isiyowafanya mwinamishe macho. Awape... awape ndimi nyepesi kusema kweli kuliko wangu. Mkae pamoja. Mnizike kabla ya adhuhuri, msingoje wa mbali.

Rehema, soma tena jina lake. Polepole. Na la baba yake umeandika? Vizuri, wasije wakasema ni Danieli mwingine.

Wino uko wapi? Mkono hauinuki... Shika kidole changu, mwanangu. Bonyeza.