Hosea Mughwai na Panya Aliowatambua kwa Macho

Ndugu waombolezaji, ukoo umenipa mimi Felista, dada yake mkubwa, kazi ya kueleza habari za Hosea. Sitampamba, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mapambo.

Marehemu alizaliwa Sepuka tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa mzee Mughwai na mama Raheli. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, 1976 hadi 1982, huku akichunga. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Mchungaji huwatazama tu, na akikosekana mmoja anamjua. Hosea alikuwa hodari wa hilo.

Alimaliza kidato cha sita mwaka 1989, akaingia chuo kikuu Dar es Salaam. Mwaka 1992 mama alikatwa ziwa moja kwa sababu ya saratani, ndipo Hosea akaamua njia yake. Mwaka 1995 alipata ufadhili wa kusoma Uholanzi, kwenye maabara iliyotafuta namna ya kuufundisha mwili upigane na saratani wenyewe. Alitoa chembe za kinga kwenye damu ya panya, akazizoesha kuitambua saratani, kisha akazirudisha.

Januari 1997, wakati wa usafi, vibao vya vizimba viwili, kimoja cha panya waliotibiwa na kingine cha wasiotibiwa, vilidondoka. Hosea aliwatazama panya, akavirudisha kwa macho. Matokeo yakawa mazuri ajabu, profesa wake akaanza kuyaandika. Siku ya tatu Hosea alikwenda kukiri kwamba hakuwa na hakika kibao kipi ni cha kizimba kipi.

"Dada, panya weupe si ng'ombe wa kwetu," aliniambia kwenye simu.

Kazi ya miezi kumi na minne ilifutwa. Alianza upya, na safari hiyo walipona panya wanne tu kati ya ishirini.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Jesca, Singida Mjini. Kesho yake mama alimuuliza mbele yetu, "Baba, saratani ikirudi, hiyo dawa yako itaniwahi?"

"Haitakuwahi, mama. Bado ni ya panya."

Nilimkasirikia sana. Nilitaka amdanganye, hata kidogo. Mama akasema, "Mwache. Huyu ndiye pekee aliyenijibu."

Machi 2000 figo za Hosea zilianza kushindwa kazi. Alitibiwa Singida, kisha Dodoma, alikofariki tarehe 9 Juni akiwa na miaka thelathini na miwili.

Ameacha mjane wake Jesca, binti yake Lea wa miezi minane, ndugu wanne, na mama Raheli, ambaye saratani yake haijarudi tangu akatwe. Hosea alikwenda mbali kumtafutia mama uzima, na leo mama ndiye anayemzika.

Mdogo wangu, Mungu akupumzishe kwa amani.